Kuruhusu anwani unazoziamini kupita kwenye WAF: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaosimamia tovuti za kawaida: shule, duka, SACCOS, gazeti la mtandaoni, zahanati. Umeweka ukuta wa moto wa tovuti, yaani WAF, ukaanza kuzuia wahuni, kisha ukajikuta unazuia na watu wako. Maswali mengi hapa nimeulizwa kwa simu, usiku, na mtu mwenye haraka, kwa hiyo nimejaribu kujibu kwa namna inayomfaa mtu mwenye haraka. Anwani za mifano zinaanza na 203.0.113 au 198.51.100. Hizo zimetengwa kwa ajili ya mifano tu, kwa hiyo usizinakili ukategemea zifanye kazi.

## WAF ina tofauti gani na ukuta wa moto wa kawaida?

Ukuta wa kawaida unaangalia anwani gani inabisha na inabisha poti ipi. Poti 443 ikiwa wazi, kazi yake imekwisha. WAF inakaa nyuma ya hapo na kufungua mzigo: inasoma kiungo kilichoombwa, vichwa vya ombi, kuki, na kilichojazwa kwenye fomu. Ikikuta `' OR '1'='1`, hila ya kuidanganya hifadhidata, kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, inarudisha 403, yaani jibu la "hairuhusiwi", na programu yako hata haijui kulikuwa na mgeni.

Wenye seva zao wengi hutumia ModSecurity, iliyoanza mwaka 2002, pamoja na kanuni za OWASP zinazoitwa Core Rule Set, kwa kifupi CRS. Wengine wako nyuma ya Cloudflare au AWS WAF, na wenye WordPress mara nyingi wana Wordfence. Majina ya vitufe yanatofautiana, mambo ni yale yale.

## "Kuruhusu anwani" maana yake ni nini hasa?

Hapa ndipo watu wanapopotezana, kwa sababu neno moja linabeba mambo matatu.

La kwanza: anwani hizi tu ndizo ziingie, wengine wote wazuiwe. Hii inafaa ukurasa wa usimamizi. Kwenye nginx, programu inayoendesha tovuti kwenye seva, ni mistari minne:

```
location /usimamizi/ {
    allow 203.0.113.25;
    deny all;
}
```

La pili: anwani hii isikaguliwe kabisa. Tovuti ni ya wote, ila huyu akija usimpekue.

La tatu: anwani hii ikaguliwe kama wengine, ila kanuni fulani isimguse, tena akiwa anaelekea njia fulani tu.

Mteja akiniambia "niwekee IP yetu kwenye orodha", karibu kila mara anadhani anataka la pili, na karibu kila mara linalomtosha ni la tatu. Askari wa getini anayejua gari la bosi na kulifungulia bila kuangalia ndani ndiye ambaye siku moja atapitisha mwizi aliyeliazima gari hilo. Kinachotambuliwa ni gari. Aliyeshika usukani hajatambuliwa na mtu. Anwani ya IP nayo ndivyo ilivyo.

## Nijuaje kama aliyezuia ni WAF na si kitu kingine?

Usiongeze anwani yoyote kabla hujajua hili. Namba 403 inaweza kutoka kwa nginx, kwa programu yenyewe, kwa ruhusa mbaya za mafaili, au kwa WAF. Cloudflare ikizuia, ukurasa wa kosa unakuwa na Ray ID chini. Mwambie mtumiaji aipige picha, kisha uitafute kwenye matukio ya usalama ndani ya akaunti yako. Kwa ModSecurity juu ya Apache ya Debian au Ubuntu, fungua `/var/log/apache2/modsec_audit.log` utafute saa ile ile.

Kwenye CRS utaona kanuni 949110. Hiyo haielezi kosa. Inatangaza tu kwamba jumla ya pointi imefika kikomo. Kosa lenyewe liko kwenye mistari ya juu yake. Kila kanuni ina uzito: kosa kubwa pointi 5, linalofuata 4, onyo 3, taarifa ndogo 2, na kikomo cha kawaida cha maombi yanayoingia ni 5. Kwa hiyo ombi linaweza kuzuiwa kwa kosa moja kubwa au kwa vijikosa viwili vidogo, na hivyo viwili vidogo ndivyo vinavyowasumbua watu wema.

## Nimeongeza IP ya ofisi, bado napata 403. Kwa nini?

Niambie kwanza uliandika IP gani. Kama inaanza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31, umeandika anwani ya ndani ya ofisi, ile kompyuta inayopewa na ruta. Seva iliyoko nje haijawahi kuiona na haitaiona. Anwani inayoiona ni ya nje, na unaipata kwa kuandika `curl -4 ifconfig.me` ukiwa kwenye mtandao huo huo wa ofisi.

Kama hiyo iko sawa, andika `curl -6 ifconfig.me`. Ikirudi anwani ndefu yenye nukta pacha, ofisi yenu ina IPv6 pia, na kivinjari kwa kawaida hutanguliza IPv6 pale tovuti inapoikubali. Uliruhusu mlango wa mbele, mtu anapitia wa uani. Kwenye IPv6 usiruhusu anwani moja ya kompyuta, kwa sababu kompyuta nyingi hubadilisha nusu ya mwisho mara kwa mara kwa ajili ya faragha. Ruhusu /64 ya ofisi, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida cha mtandao mmoja wa ndani.

Sababu ya tatu ni mpangilio. AWS WAF inasoma kanuni kuanzia namba ndogo ya kipaumbele. Ruhusa yako ikiwa namba 20 na kanuni ya kuzuia ikiwa namba 5, ruhusa haifikiwi kamwe. Kwenye CRS, ruhusa inakaa kwenye faili linalosomwa kabla ya kanuni zenyewe, na jina lake linajieleza: `REQUEST-900-EXCLUSION-RULES-BEFORE-CRS.conf`.

Sababu ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, na inastahili swali lake.

## Ukuta wangu unaona wageni wote wana anwani mbili tatu zile zile. Niziruhusu?

Hapana. Acha kibodi kwanza.

Hali inakuwa hivi. Umeweka Cloudflare au kisambaza mzigo mbele ya seva. Mgeni wa Kigoma anafika kwa Cloudflare, na Cloudflare ndiyo inayokuja kwako. ModSecurity iliyoko kwenye seva inaangalia aliyebisha, inaona anwani ya Cloudflare, na kwenye logi dunia nzima inaonekana kama watu watatu. Siku mmoja wao akizuiwa, nusu ya wateja wako wamezuiwa. Simu zinaanza kulia. Fundi anafungua logi, anaona anwani hiyo imezuiwa mara elfu moja, anaiweka kwenye orodha ya ruhusa. Simu zinanyamaza, kila mtu anashukuru.

Alichofanya ni kuizima WAF kwa kila mgeni duniani, na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Nimekuta tovuti iliyokaa hivyo zaidi ya mwaka. Mwenye tovuti alikuwa analipia ukuta kila mwezi.

Dawa yake ni kuifundisha seva kusoma anwani halisi ya mgeni, ambayo proksi, yaani huyo aliyekaa mbele ya seva, inaiandika kwenye kichwa cha ombi. Kwa nginx:

```
set_real_ip_from 198.51.100.0/24;
real_ip_header X-Forwarded-For;
real_ip_recursive on;
```

Mstari wa kwanza ndio moyo wa jambo. Unasema: amini kichwa hiki pale tu kinapoletwa na proksi yangu. Ukiuacha wazi kwa kila mtu, yeyote anaweza kuandika `curl -H "X-Forwarded-For: 203.0.113.25"` na kujifanya ni ofisi yako. Kichwa cha ombi ni maandishi tu, hata mtoto anaweza kuyaandika. Cloudflare wana kichwa chao, `CF-Connecting-IP`, na orodha ya masafa ya anwani zao wanaiweka hadharani kwenye cloudflare.com/ips. Kwenye Apache kazi hiyo inafanywa na mod_remoteip.

Ukimaliza, funga seva yenyewe isipokee poti 443 kutoka kwa mwingine ila masafa hayo ya proksi. Vinginevyo mtu akiijua anwani ya seva anaizunguka WAF nzima na kugonga moja kwa moja.

## Fundi wetu anafanyia kazi nyumbani kwa bando la simu. Niruhusu IP yake?

Mwambie afungue ruta au simu yake aangalie anwani aliyopewa na kampuni ya simu. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi yuko nyuma ya anwani ya pamoja. Masafa hayo, 100.64.0.0/10, yalitengwa mwaka 2012 kwa ajili hiyo hasa. Anwani za IPv4 hazitoshi, kwa hiyo kampuni inawapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Ukimruhusu yeye umewaruhusu na wengine wote walioko nyuma ya anwani hiyo saa ile, na wewe hujui ni akina nani. Na kesho asubuhi akizima simu na kuiwasha, huenda akaja na nyingine. Utaongeza ya pili, kesho kutwa ya tatu, na mwisho wa mwezi una orodha ya anwani kumi na mbili ambazo hakuna hata moja ya fundi.

Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kuomba anwani isiyobadilika kutoka kwa mtoa huduma wa intaneti. Kwa kawaida inalipiwa, na kwa ofisi ni pesa iliyotumika vizuri. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi: kodi seva ndogo, weka WireGuard, programu ya VPN, watu wote wapitie humo, na kwenye WAF unaruhusu anwani moja ya seva hiyo. Mtu akiacha kazi unafuta ufunguo wake, na WAF huigusi.

## Hizi /32, /24, /16 ni nini?

Ni ukubwa wa fungu. /32 ni anwani moja, /24 ni 256, /16 ni 65,536. Kadiri namba inavyopungua ndivyo mlango unavyopanuka. Ukiona mtu ameandika /16 "ili tusisumbuke tena", mwulize kama anawafahamu wote 65,536. AWS WAF yenyewe inakataa /0, yaani dunia nzima, jambo linaloonyesha kwamba kuna mtu aliwahi kutamani.

## Malipo ya simu hayaingii kwenye mfumo tangu tuweke WAF. Tufanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia.

Mteja akilipa kwa simu, mtoa huduma wa malipo anatuma ombi la POST kwenye kiungo ulichompa: namba ya muamala, kiasi, namba ya simu. Anayetuma ni mashine. Haina kivinjari wala kuki, na mara nyingine vichwa vyake vya ombi ni vichache kuliko vile WAF inavyotarajia kwa mtu wa kawaida. Kwa macho ya WAF, mashine ya malipo na boti la wezi wanafanana mavazi.

Mwaka mmoja, wiki ya kufungua shule, nilipigiwa na mhasibu wa shule. Wazazi walikuwa wamepanga foleni dirishani kwake, kila mmoja ananyoosha simu yenye ujumbe wa malipo, na kwenye mfumo madeni yao yako vile vile. WAF ilikuwa imewekwa Ijumaa, ikiwa kwenye ngazi ya 2 ya ukali wa CRS (paranoia level). Logi ilionyesha vijikosa viwili kwa kila taarifa ya malipo: ombi halikuja na kichwa cha `User-Agent`, pointi 2; na wakala wa malipo alikuwa anaiita seva kwa namba ya IP badala ya jina la tovuti, pointi 3. Jumla 5. Hakuna hata kimoja kilichokuwa shambulio, ila vikijumlishwa vinafika kikomo kamili.

Fundi aliyekuwepo alitaka kuzima WAF yote. Tulichofanya ni hiki. Tulimwomba wakala orodha ya anwani anazotumia kutuma taarifa, kwa maandishi. Alituma mbili. Kisha:

```
SecRule REMOTE_ADDR "@ipMatch 203.0.113.40,203.0.113.41" \
  "id:10002,phase:1,pass,nolog,t:none,chain"
  SecRule REQUEST_URI "@beginsWith /malipo/taarifa" \
    "t:none,ctl:ruleRemoveById=920350,ctl:ruleRemoveById=920320"
```

Isome kwa Kiswahili: akija mmoja wa hawa wawili, na akiwa anaelekea `/malipo/taarifa`, kanuni hizi mbili zisimhesabie. Akielekea kwingine, akaguliwe kama mgeni yeyote. Angalia kwamba maneno ya `ctl` yako kwenye `SecRule` ya pili ya mnyororo (`chain`). Ukiyaweka kwenye ya kwanza, yanatekelezwa mara anwani inapolingana, hata kama njia haikulingana, na hapo mnyororo wako ni pambo tu. Namba ya utambulisho ya kanuni yako iwe chini ya 100,000, maana hapo ndipo palipoachwa kwa ajili ya kanuni za mtu binafsi.

Lakini kuna jambo la pili, ambalo wengi hulisahau wakishaona pesa zinaingia. Anwani kuwa kwenye orodha hakuthibitishi kwamba malipo ni ya kweli. Programu yako isimwongezee mtu salio kwa sababu tu ombi limefika kwenye kiungo. Kama mtoa huduma anaweka saini kwenye ujumbe, ihakiki. Kama haweki, chukua namba ya muamala urudi kumwuliza yeye mwenyewe kupitia API yake ya kuulizia hali ya muamala. Daraja ya Safaricom, kwa mfano, inayo kwa ajili ya M-Pesa. Akisema ndiyo, ndipo uandike risiti.

La tatu: mwulize atakujulishaje akibadilisha anwani. Wengine wana barua pepe ya matangazo kwa ajili hiyo. Weka barua pepe ya ofisi, si ya fundi aliyeondoka mwaka juzi. Wakala wetu alibadilisha bila kusema neno, na tukajua kwa njia ile ile: foleni dirishani.

## Mhariri wetu anazuiwa kila akiandika habari za mifugo. Nimruhusu yeye?

Swali hili liliwahi kunichekesha mpaka nilipoisoma logi. Tovuti ilikuwa inaandika bei za mnadani. Kwenye ngazi ya 2 ya CRS kuna kanuni 942430 inayohesabu alama maalumu kwenye sehemu moja ya fomu: mabano, nukta pacha, vistari, alama za kunukuu, na ile ' ya ng'ombe. Zikifika 12 inatoa pointi 3. Sasa andika habari yenye ng'ombe, ng'ambo ya mto, mabano ya bei na maneno ya mfanyabiashara yaliyonukuliwa, uone kama 12 ni nyingi. Ongeza kanuni moja ndogo ya pointi 2 na habari haiendi.

Kanuni hiyo ilitungwa na watu ambao lugha yao haina ng'. Mhariri hana kosa, na anwani yake haihusiki. Kesho atakuja mwandishi wa pili akiwa Bariadi naye azuiwe. Toa sehemu hiyo ya fomu kwenye kanuni hiyo:

```
SecRuleUpdateTargetById 942430 "!ARGS:maelezo"
```

Mstari huu unakaa baada ya kanuni kusomwa, tofauti na ule wa malipo. Kanuni nyingine zote za kuzuia sindano za SQL zinaendelea kuisoma sehemu ya `maelezo` kama kawaida. Kosa la kanuni lirekebishwe kwenye kanuni.

## Niruhusu Googlebot ili tovuti isipotee kwenye matokeo?

Kwa kawaida roboti huyu wa Google hahitaji ruhusa yoyote, maana anasoma kurasa tu. Kama WAF yako inamzuia, usimtambue kwa jina la `User-Agent`, kwa sababu kila mtu anaweza kujiita Googlebot na wengi wanajiita. Uliza anwani: `host 66.249.66.1` inarudisha jina linaloishia googlebot.com, kisha unaliuliza jina hilo na kuona kama linarudi kwenye anwani ile ile. Google pia wanachapisha masafa yao kwenye faili la JSON.

## Na Let's Encrypt? Cheti changu kimeshindwa kujiongeza muda.

Hapo orodha ya anwani haisaidii. Let's Encrypt, wanaotoa vyeti vya HTTPS, hawatangazi anwani wanazotumia kuhakiki, na tangu mwaka 2020 wanahakiki kutoka sehemu kadhaa za mtandao kwa wakati mmoja, makusudi, ili mtu asiweze kuwadanganya kwa kuteka njia moja. Fungua njia ya `/.well-known/acme-challenge/` kwa kila mtu na usiizuie hata kwa nchi. Au tumia uhakiki wa DNS, na tovuti isihusike kabisa.

## Kwenye Cloudflare na AWS nabonyeza nini?

Cloudflare: tengeneza kanuni yako yenye kitendo cha Skip, taja anwani na njia, kisha uchague inaruka nini. Chagua kilichokuzuia tu. Watu hutia alama kwenye visanduku vyote kwa sababu viko pale.

AWS: unatengeneza fungu la anwani, IP set, kisha kanuni inayolitaja. Kitendo cha Allow kinamaliza ukaguzi papo hapo, hakuna kinachofuata kitakachosomwa, hata kikomo cha kasi, yaani idadi ya maombi anayoruhusiwa mtu kwa muda fulani. Ndiyo maana ninashauri kikomo cha kasi kikae juu ya ruhusa, au uache Allow kabisa na badala yake uliwekee kundi la kanuni sharti kwamba lisiwahusu walioko kwenye fungu lile. Maelezo yake ni marefu kidogo, usalama ni mkubwa zaidi.

Wordfence ina kisanduku cha anwani zilizoruhusiwa, na anayeandikwa humo anaruka kanuni zote. Kabla ya kukijaza, jaribu hali yake ya kujifunza kwa siku chache.

## Kuna hatari mtu akaghushi anwani niliyoiruhusu?

Kwa tovuti, ni vigumu mno. Mazungumzo ya TCP yanaanza kwa kuitikiana, na jibu linakwenda kwa mwenye anwani halisi, kwa hiyo mghushi hapati jibu na mazungumzo hayaanzi. Isipokuwa umeamini `X-Forwarded-For` ya kila mtu, kama nilivyosema juu.

Hatari halisi iko ndani ya anwani halali. Kompyuta ya mapokezi iliyochomekwa flashi ya mgeni ina anwani ile ile ya ofisi uliyoiruhusu. Wi-Fi ya wateja ikitoka kwenye intaneti ile ile ya ofisi, anayekunywa chai akisubiri huduma naye yuko kwenye orodha yako. Wi-Fi ya wageni itenganishwe, na ikiwezekana itoke kwa anwani nyingine.

## Orodha niiandike vipi, na niikague lini?

Kila mstari uwe na mwenyewe, sababu, na tarehe ya kuisha. Yangu zinaonekana hivi:

```
# 203.0.113.40  wakala wa malipo  /malipo/taarifa  aliomba: mhasibu  hadi 30/06
# 198.51.100.7  mkaguzi wa usalama  tovuti nzima  hadi Ijumaa saa 12 jioni
```

Mstari usio na maelezo naufuta kwanza, kisha nauliza. Kama kuna anayeuhitaji atapiga simu ndani ya siku mbili. Wenzangu wanasema huu ni ukatili, ila nimewahi kukuta anwani ya kampuni ya matangazo iliyomaliza mkataba miaka mitatu kabla, bado ina ruhusa ya kuruka kila kitu. Na anwani hurudi kwa mtoa huduma, naye humpa mteja mwingine.

## Nitajaribuje kama ruhusa inafanya kazi?

Kwa pande mbili. Watu hujaribu upande mmoja, wanaona wameingia, wanafunga kompyuta. Ukiwa kwenye anwani iliyoruhusiwa, fanya kile kilichokuwa kinazuiwa na uone kinapita. Kisha chukua simu, zima Wi-Fi, washa bando, na ufungue `tovuti-yako/?id=1' OR '1'='1`. Lazima upate 403. Ukiona ukurasa wa kawaida, ruhusa yako ni pana kuliko ulivyodhani. Ukitaka kujaribu bila kuwaumiza wateja, weka `SecRuleEngine DetectionOnly` kwa muda: WAF inaandika kwenye logi bila kumzuia mtu. Kwa muda, nimesema. Weka kengele kwenye simu ya kukukumbusha kuirudisha.

## Nimeandika "deny all" kabla ya kuweka IP yangu na sasa nimejifungia nje.

Umejiunga na chama kikubwa. WAF na nginx vinakaa kwenye tovuti, havigusi SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva kwa kuandika amri, kwa hiyo ingia kwa SSH, rekebisha faili, andika `nginx -t`, kisha upakie upya. Kama umefunga na SSH kwa ukuta wa kawaida, ingia kwenye paneli ya kampuni iliyokukodisha seva utafute konsoli, ile inayofunguka ndani ya kivinjari kama vile umekaa mbele ya mashine yenyewe. Itakuomba nenosiri la root, ambalo kama umezoea funguo za SSH pengine hulikumbuki. Paneli nyingi zina kitufe cha kulibadilisha, ingawa baadhi huwasha seva upya. Chagua saa ambayo mhasibu hayuko dirishani.